Fanwell, Mugonjwa Wangu Aliyepona

Jumatatu, tarehe 5 Agosti 1974

Leo nimepata kazi ya maisha yangu. Nitakuwa muganga.

Habari nimeipata sokoni Kashikishi, kwenye meza za chisense, wale samaki wadogo tunaoanika juu ya muchanga. Dokta Kasonde ameshuka kutoka Lusaka na Land Rover mbili. Amekodi ile depo ya zamani ya samaki karibu na bandari. Anatafuta dawa za miti: mizizi, maganda, majani, kila kitu ambacho wazee wanatumia kwa ugonjwa wa kukojoa damu, ule ambao wenye masomo wanauita bilhazia. Kila dawa itapimwa. Mwenye dawa itakayoshinda atapelekwa Lusaka kuonana na wakubwa. Kwa ndege.

Kwa ndege! Mimi, Sébastien, muuza chumvi, mutu wa Kilwa ya Katanga, niliyevuka ziwa hili ndani ya mutumbwi nikiwa nimefumba macho. Kule ng'ambo, upande wa Congo, serikali imekataza majina ya ubatizo. Huku kila mutu ananiita Sebasi na hakuna anayekamatwa. Nchi nzuri. Inastahili muganga mukubwa.

Dawa sina. Babu yangu alikuwa fundi wa baiskeli. Lakini watu wa Kashikishi hawakumujua babu yangu.

Jumatano, tarehe 7 Agosti

Dawa imepatikana. Nilikaa nyuma ya nyumba nikafikiri: ugonjwa ni mukali, basi dawa iwe kali zaidi. Kitu kikali kuliko vyote katika bustani yetu ni ngai-ngai, yale majani machachu ambayo Colette anapika na samaki. Nikachuma yote. Nikaongeza ndimu, kapu zima. Nikaongeza pia gome la muti mumoja ulio nyuma ya kanisa, sijui jina lake, kwa sababu dawa bila gome haina heshima.

Chungu kilikuwa shida. Sufuria zote zilikuwa na kazi. Nikashusha ile ya shaba iliyotundikwa ukutani, zawadi ya mama mukwe siku ya ndoa yetu, iliyofuliwa Likasi na fundi aliyejua kazi. Colette haipikii. Anaisugua tu wakati wa Noeli. Nimechemsha mpaka maji yakabaki nusu, nikafunika, nikaacha ilale.

Jioni Colette aliuliza ngai-ngai yake iko wapi. Nikamwambia imeingia katika sayansi. Alisema bukari, ule ugali wetu, haiteremki na sayansi. Tulikula kavu.

Mbaya zaidi: Roger pia anataka kuwa muganga. Roger wa Pweto, muuza vitenge, aliyenichukulia kona yangu ya soko mwaka jana kwa kuhamisha jiwe langu la alama. Amejitangaza kuwa mujukuu wa muganga wa ukoo wa kifalme. Aibu haina nyumba kwa mutu huyo.

Jumamosi, tarehe 10 Agosti

Nimeona kitu. Sijui kama nitaweza kukiandika.

Asubuhi nilimimina dawa katika chupa. Nilishangaa mwenyewe. Maji yaliyoingia yakiwa ya rangi ya majani makavu yametoka kijani, kijani cha shingo ya njiwa. Nikajua kuna nguvu humo. Nikavaa koti la harusi, nikaenda depo.

Harufu ya samaki haijatoka, lakini ndani pamekuwa mahali pengine. Meza ndefu zilizopakwa chokaa. Mabakuli ya kioo, na ndani ya kila bakuli konokono weusi wadogo, wale wanaoshika kwenye matete tunapofua nguo. Dokta Kasonde ni mutu wa makamo, mwembamba, sauti ya chini. Alinisalimia Kibemba, akaniita Ba Sebasi kwa heshima, akaandika: dawa ya ukoo, kutoka Kilwa. Aliuliza ni muti gani. Nikasema babu alinikataza kutamka jina lake wakati wa kiangazi. Alitikisa kichwa kama mutu aliyekwisha kusikia mengi.

Halafu akaniita kwenye mikroskopi. Alikuwa ameweka konokono katika glasi ya maji, akaiacha juani kidogo. Maji yalikuwa meupe, ningeweza kuyanywa. Akachukua tone moja, akaliweka chini ya jicho la chuma, akaniambia nifunge jicho moja na nitazame kwa lingine.

Mwanzoni niliona kope zangu. Kisha mwanga. Kisha wakaja.

Walikuwa wengi kama watu wa soko siku ya samaki. Kila mumoja ana kichwa kirefu na mukia uliopasuka mwisho kama ulimi wa nyoka. Walikuwa wanapanda, wanashuka, wanajikunja, wanajinyoosha, bila sauti, ndani ya tone ambalo kunguni angelivuka kwa hatua chache. Niliinua kichwa nikaangalia tone kwa macho yangu: maji tu. Nikainama tena: mataifa.

Dokta alinieleza taratibu. Mugonjwa anakojoa ziwani. Mayai yaliyo katika mukojo wake yanapasuka. Kinachotoka kinaingia ndani ya konokono, kinakaa humo, kinazaana, kisha wanatoka hawa wenye mikia na kuwatafuta watu. Mutu akisimama majini wanapita katika ngozi yake bila kubisha hodi. Ndani ya mwili wanakuwa minyoo, dume na jike, wanakaa wamekumbatiana miaka na miaka.

Nikamuuliza kama Mungu anawajua. Alisema nadhani ndiyo, ametumia akili nyingi sana kuwatengeneza.

Nilirudi nyumbani kwa njia ndefu ili nisipite karibu na maji. Ziwa lilikuwa linang'aa mpaka upande wa Congo, limetulia, zuri. Miaka yote hii ninalitazama, kumbe lilikuwa halijanionyesha kitu.

Jumanne, tarehe 13 Agosti

Siku ya kupima. Andika, mukono wangu, andika.

Walianza na dawa ya Roger. Alileta maji mekundu katika chupa ya bia, amefunga kwa kitambaa cheusi. Wakamimina kidogo katika bakuli la konokono, na matone katika glasi ya wale wenye mikia. Dokta akatazama, akatazama tena, akasema wanaogelea vizuri kuliko mwanzo. Aliuliza kwa upole kama hayo ni majani ya chai. Roger alijibu kwamba katika ukoo wake chai ni muti mutakatifu.

Kisha yangu.

Konokono walitoa pembe zao, wakagusa maji mapya. Wakajivuta ndani. Mumoja akaachia kioo akaanguka chini. Mwingine. Mwingine. Wote. Dokta akaenda kwenye mikroskopi. Alikaa hapo muda murefu mpaka kahawa yake ikapoa. Akanipisha.

Walikuwa wamelala. Mataifa yote. Mikia imenyooka, hakuna anayejikunja. Ulimwengu muzima umesimama kwa sababu ya sahani ya mboga.

Ningepaswa kufurahi. Nilifurahi baadaye. Lakini kwa dakika ile ya kwanza niliogopa, kama mutu aliyetupa jiwe kwa muchezo na kusikia kitu kikubwa kikianguka msituni.

Dokta alisema hajaona dawa inayofanya haraka namna hii. Aliomba chupa nyingine. Akatuonya wote: mutu yeyote asiinywe, kioo si mwili wa mutu, bado kazi ni ndefu. Roger alikuwa anaangalia chupa yangu, na sura yake ilikuwa ya kijicho, au ndivyo nilivyodhani.

Alhamisi, tarehe 15 Agosti

Sikukuu ya Maria. Kanisani watu walinipisha nafasi ya mbele. Baada ya misa walinifuata mpaka nyumbani: wavuvi, mama wenye watoto mugongoni, muzee mumoja aliyetoka Mununga kwa mutumbwi akiwa ameshika tumbo. Wote wanataka maji ya kijani. Niliwaambia dokta bado ananisihi nisubiri. Nilisema neno "utafiti" mara nyingi. Linapendeza kinywani.

Colette alikuwa anawagawia watu maji ya kunywa. Walipoondoka aliuliza swali moja tu: muzee wa Mununga nitamwambia nini akirudi? Nikasema nitakuwa Lusaka.

Hakucheka. Alisema, Baba Emilienne, yule muzee ameshika mukono wangu kama mutu anayezama. Ananiita kwa jina la binti yetu pale tu jambo linapokuwa zito. Nimelala vibaya.

Ijumaa, tarehe 16 Agosti

Amekuja muganga mwingine kupimwa. Wa kweli. Bana Chabu, mama wa kijiji cha Kafutuma, anayetibu watu tangu kabla ya vita vya wazungu. Mama munene, mutembea pole, kiko mudomoni. Aliweka juu ya meza kifungu cha maganda ya mizizi, lakini akaweka mukono wake juu yake. Alimwambia dokta kwa Kibemba: kabla hamujamutazama muti wangu, mimi nimutazame adui yangu. Nimesikia munaye humu.

Dokta hakubisha. Alimuletea kiti, akashusha mikroskopi kidogo, akamuonyesha namna ya kufunga jicho.

Bana Chabu aliinama. Alitoa kiko mudomoni. Hata mutu wa kuosha vioo alisimama na kitambaa mukononi. Mama huyu amezika watu kwa ugonjwa huu, mume wake akiwa mumojawapo, nimesikia hivyo. Amepigana nao maisha yake yote kwa kunusa, kwa kugusa matumbo, kwa kuangalia rangi ya mukojo juu ya muchanga.

Alikaa hivyo muda murefu. Kisha akasema, kwa sauti ya mutu anayesalimia: "Kumbe ndio wewe."

Mimi nilitazama nje, vumbi lilikuwa jingi.

Baadaye alitoa mukono juu ya maganda. Alisema jina la muti na mahali unapoota, alisema unachimbwa upande gani na unakatazwa kwa mama mwenye mimba, na mambo mengine ambayo dokta aliandika haraka mpaka kalamu ikakwaruza. Walipopima, wale wenye mikia hawakuanguka kama kwa dawa yangu. Walipunguza mwendo. Polepole. Kama soko linapofungwa jioni. Dokta alisema wiki nzima watarudia kipimo hiki kwa maji machache, maji mengi, gome bichi, gome kavu.

Nilijiambia kwamba yangu ni ya haraka zaidi. Nilijiambia mara kadhaa.

Jumatatu, tarehe 19 Agosti

Siku ya ajabu na mbaya.

Dokta aliniita. Alisema kuua konokono ni jambo kubwa, lakini dawa ya mutu ni nyingine. Je, nimewahi kuponya mutu? Nikajibu wengi. Akaomba nilete mukojo wa mumoja wao, ili aone kama mayai yameisha kweli.

Bon. Muganga bila mugonjwa ni kama padri bila kondoo. Nilifikiri njiani. Nikahitaji mutu muzima, mwenye nguvu, asiye na ugonjwa. Jibu lilikuwa limevaa koti langu. Nani muzima kuliko mimi? Ni kweli mwisho wa kukojoa kuna wekundu kidogo, na kuchoma kidogo, lakini hilo si ugonjwa. Kilwa vijana wote tulikuwa nalo. Wakubwa walituambia ni dalili ya kuwa mwanaume. Sikuwahi kumutajia mutu, kwa sababu mwanaume haelezi mambo ya namna hiyo.

Nikajaza kichupa, nikamupelekea dokta. Nikasema: huu ni wa Fanwell, muvuvi, mugonjwa wangu aliyepona.

Alisema ningoje. Alizungusha kichupa katika mashine, akaweka tone chini ya jicho. Uso wake ukabadilika. Akanipa nafasi nitazame.

Yalikuwa mazuri. Hilo ndilo linaloniumiza. Mayai ya kioo, marefu kidogo, yamelala kama mbegu za tikiti, na kila moja mwishoni lina mwiba mumoja, mukali, umechongwa kwa uangalifu. Mengi, mengi. Na kati yake chembe nyekundu za damu, duara kama sarafu.

Dokta alisema kwa sauti yake ya chini kwamba Fanwell hajapona. Alisema Fanwell ni kati ya wagonjwa wabaya kuliko wote aliowaona tangu afike ziwani. Ile miba inachana kibofu kila siku. Akiachwa hivyo, kibofu kitakuwa kigumu kama ngozi ya ngoma, na baadaye kinaweza kupata uvimbe usio na dawa.

Nikauliza kama Fanwell atakufa.

"Si akitibiwa sasa."

Nikauliza kama Fanwell angejuaje. Fanwell anajisikia vizuri. Fanwell anabeba gunia la chumvi peke yake.

Dokta alinitazama. Alivuta kiti kwa muguu wake.

"Kaa chini, Fanwell," alisema.

Nikakaa.

Jumanne, tarehe 20 Agosti

Nilipaswa kuanza vidonge leo asubuhi. Kabla sijafika depo nikakuta watu wamemubeba Roger juu ya mulango uliong'olewa. Anatapika. Matapishi ya kijani, kijani cha shingo ya njiwa.

Aliiba chupa yangu moja jana, pale dirishani petu. Nilikasirika kabisa, mpaka nilipomuona sura. Kumbe hakuiba ili aseme ni yake. Aliiba ili ainywe. Roger naye anakojoa damu. Miaka. Naye alikuwa hajamwambia mutu. Ile sura aliyoitolea chupa yangu siku ya kupima haikuwa kijicho.

Dokta na mutu wake walimushughulikia muchana kutwa: maziwa, maji, maji, maziwa. Mimi nilishika beseni. Hakuna aliyeniomba. Roger alikuwa akinishika mukono akisema, yaya, kaka yangu, nisamehe, na mimi nilikuwa nikisema nyamaza, tapika.

Alipotulia, dokta aliniuliza dawa ilipikwa katika chombo gani. Sikuelewa swali. Colette alielewa. Alikuwa amesimama mulangoni, akaenda nyumbani, akarudi amekumbatia sufuria ya shaba ya mama yake. Ndani imeota ukoko wa kijani. Alisema mama yake alimukanya siku ile ile ya ndoa: humo usipike kitu kichachu, utaua nyumba yako. Kwa hiyo ilikuwa inakaa ukutani.

Dokta alichukua ngai-ngai kidogo na ndimu, akavichemsha katika sufuria ya bati. Akavimimina kwa konokono. Wakatembea humo kama watu walioalikwa. Halafu akachemsha yale yale katika shaba, akayaacha yapoe humo. Konokono wakaanguka.

Alieleza kwamba uchachu unakula shaba, na shaba ndani ya maji ni sumu ya konokono inayojulikana. Wazungu walikuwa wakimwaga chumvi ya shaba katika mifereji kwa ajili hiyo. Inaua konokono, inaua wenye mikia, ingemuua na Roger kama angemaliza chupa.

Nikauliza kama basi ni dawa ya Katanga, nchi ya shaba, kwa namna fulani. Colette alisema twende nyumbani.

Njiani nilimukumbuka yule muzee wa Mununga aliyeshika tumbo. Kama ningempa kikombe kimoja tu siku ile.

Alhamisi, tarehe 22 Agosti

Soko zima linaniita Fanwell.

Wauza chisense, wapagazi, mama wa maandazi. Fanwell, unaamkaje. Fanwell, mukojo salama? Hata padri aliteleza akaniita hivyo. Nimemeza vidonge. Tumbo linageuka, kichwa kinaimba. Roger amelala kwenye kitanda cha pili ndani ya depo, naye anameza. Tunalala tukitazama paa.

Leo jioni kabla jua halijazama dokta alitufanyia zawadi, au adhabu. Alichukua mayai yangu, yale aliyoyaweka tangu Jumatatu mahali pa baridi, akayatia katika maji safi ya ziwa. Akatuita tutazame kwa zamu.

Nililenga jicho juu ya yai moja. Ndani yake kitu kikaanza kutetemeka. Kikajizungusha. Kikasukuma kama kifaranga. Ganda likapasuka upande, na kikatoka, mwili muzima umefunikwa na vinyweleo vinavyopepea, na mara hiyo hiyo kikaanza kuogelea, haraka, moja kwa moja, kama kinachojua mahali kinapokwenda. Kinamutafuta konokono wake. Hakijawahi kumuona. Hakuna aliyekifundisha.

Hicho kimetoka kwangu. Nimekibeba Kilwa, nimekivusha ziwa, nimekiweka kwenye matete ya Kashikishi bila kujua, kila nilipokojoa toka mutumbwini. Nilidhani nimekuja huku na gunia la chumvi.

Roger alipomaliza kutazama akasema watoto wake wanaoga pale pale. Dokta alisema ndiyo. Ndiyo sababu yuko hapa.

Jumatatu, tarehe 2 Septemba

Bana Chabu amekwenda Lusaka. Kwa ndege, kutoka Mansa.

Tulitoka kumusindikiza. Alipanda Land Rover na kifungu chake cha maganda juu ya mapaja, kiko mudomoni, bila kututazama sisi watu wa kawaida. Dokta alitueleza kwamba gome lake limewapunguza wale wenye mikia kila lilipopimwa, bichi au kavu. Lakini alisema pia kwamba hajui bado kama litamufaa mutu. Kuna wanyama wa kupimwa, kuna sumu ya kutafuta, kuna miaka. Inaweza kuwa kubwa, inaweza kuwa si kitu. Alisema hivyo bila huzuni. Nimeshangaa: mutu anaweza kupenda jambo namna ile na bado akasema sijui.

Nilimusogelea Bana Chabu dirishani nikamuomba anisalimie Lusaka. Alinitazama juu mpaka chini. Alisema, mwanangu, mboga yako ilikuwa na nguvu, lakini usipike tena.

Gari likaondoka. Nilitazama angani mpaka jioni, kwa muda wa kutosha ndege ipite. Haikupita upande wetu.

Mukojo wangu ni mweupe. Wa Roger pia. Hatujasemezana neno baya tangu wiki iliyopita, hata jiwe langu amelirudisha kwenye kona yangu ya soko. Nimemuambia Colette kwamba mimi ni mutu mupya. Alisema atangoja aone.

Jumamosi, tarehe 28 Septemba

Joto kali. Habari njema mno.

Dokta anahitaji konokono. Wengi, kwa ajili ya vipimo vya dawa nyingine zinazokuja kutoka Kawambwa na Mununga. Watu wake wanavaa buti za mupira mpaka mapajani, wanasimama ukingoni, wanachota kwa vichujio vyenye miti mirefu. Nusu siku, kikombe kimoja. Inasikitisha kuona sayansi ikienda kwa mwendo huo. Nilimwambia Roger: mutu atakayemupatia dokta konokono ndoo kwa ndoo, huyo atakuwa mukono wake wa kuume. Huyo ndiye atakayepanda ndege safari ijayo. Roger alikuwa amekwisha kufikiri vile vile, jambo lililoniudhi kidogo.

Dokta alitukumbusha jana tu, kwa upole, kwamba tusikanyage maji ya matete, vidonge havizuii kuambukizwa tena. Tuliitika kwa moyo wote. Mimi nimelitangaza hilo neno sokoni mwenyewe, nikiwa nimepanda juu ya gunia, na mama mumoja alilia.

Lakini buti zinachelewesha. Na Roger ana maelezo ambayo naona yana uzito: minyoo iliyofukuzwa katika nyumba kwa aibu hairudi nyumba ile ile. Itaenda kwa majirani.

Tumeingia asubuhi, pale nyuma ya bandari ambapo matete ni mazito na maji yamesimama. Konokono wamejaa kwenye kila shina, weusi, wanang'aa, sijapata kuona baraka kama hiyo. Roger alianza kuchuma akiwa na maji ya magoti. Ndoo yake ilikuwa inajaa haraka kuliko yangu. Nikavua suruali, nikasogea mbele yake mpaka kiunoni. Akaja mpaka kiunoni. Basi nikaingia mpaka kifuani, mahali ambapo hakuna mutu angenipita.

Maji vuguvugu, laini kama maziwa. Tumekaa humo mpaka saa za kupika mboga.